Visahani vya Dirishani

Kwa miaka kumi na minne nimekana jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Kukana ukiulizwa ni kazi ya kawaida. Mimi nilikana kwa hiari yangu, mbele ya wanafunzi wa kidato cha sita, mbele ya wakwe, na safari moja mbele ya padri aliyekuwa akisubiri wali. Jambo lenyewe ni hili: si mimi niliyegundua kwa nini bakteria wetu waligoma kuota Juni ile. Aliyegundua ni Mama Maabara. Mimi niligundua namna ya kuisimulia.

Wasomaji wa safu yangu wanaijua hadithi hiyo, maana nimewauzia mara tatu kwa vichwa vya habari tofauti. Msichana kutoka Dar, mwanafunzi wa uzamili, anatetemeka katika maabara isiyo na umeme huku Dodoma, anatazama visahani vya bakteria dirishani, na ghafla anaelewa jinsi kiumbe kisichoonekana kwa macho kinavyojenga utando wake. Hadithi hiyo ilinipa safu gazetini. Ikanipa mialiko ya kuzungumza na chupa nyingi za maji ya bure. Chuoni nako ikazaa somo la vitendo ambalo wanafunzi hulifanya kila Juni na kuliita zoezi la baridi. Mwaka huu idara iliamua kuchapa mwongozo wa mazoezi yake yote, na chini ya kila zoezi jina la aliyelitunga. Rasimu ilipoletwa kwangu niihakiki, jina langu lilikuwa limeshakaa pale, kwa herufi nzito.

Mama Maabara alikuwa fundi sanifu wa maabara ya baiolojia. Tulimwita hivyo wote, kuanzia profesa hadi mlinzi wa getini, bila mtu kutumia jina lake halisi, na yeye mwenyewe akipokea simu ya mezani alisema tu, "Maabara," kama mtu anayejitambulisha. Alikuwa mtu wa Chemba. Alipozungumza na dada yake kwa simu kwa Kisandawe, kile chenye sauti za kualisha ulimi, wanafunzi walinyamaza kusikiliza. Akimaliza aliwageukia na kuwauliza kwa Kiswahili kilichonyooka walikuwa wanasikiliza nini, na kama vyombo vimeshaoshwa. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hata siku za kufagia stoo. Kanisani aliimba sauti ya tatu. Kwenye redio, mechi ikichezwa, aliwatukana waamuzi kwa maneno ambayo sikutegemea mwanakwaya awe nayo.

Nianze na mikono yake, maana ndiyo niliyoanza kuionea wivu. Chakula cha bakteria tunakipika kwa agari, inayoyeyuka kwa moto na kuganda ikipoa kama ute wa kwato. Unaimimina kwenye visahani ikiwa bado moto, haraka, bila kuruhusu vumbi liingie. Mama Maabara alimimina visahani arobaini huku akilalamikia penalti ya juzi, na vyote vilikaa sawa, vimenyooka, vinang'aa. Mimi nilimimina kumi huku nimebana pumzi, na vikatoka na mapovu kama ndoo ya kufulia.

"Umeikasirisha," aliniambia.

"Agari haikasiriki, Mama."

"Hii ya kwako imekasirika."

Profesa wetu, ambaye ndiye aliyenisimamia, alikuwa na tabia ya kuingia maabara na kuuliza, "Mama yuko wapi?" kabla ya kusalimia mtu. Nilikuwa na shahada ya kwanza yenye daraja zuri, nilikuwa na kompyuta yangu mwenyewe, nilikuwa nimesoma makala nyingi kuliko mtu yeyote pale ndani, na bado kila asubuhi mtu aliyekuwa akitafutwa hakuwa mimi.

Sitaki mfikirie alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo. Pipeti nzuri, vile vimirija vya kupimia majimaji, alizifungia kabatini na ufunguo ukaning'inia shingoni mwake, ndani ya blauzi, mahali ambapo hakuna mwanafunzi angethubutu kuufuata. Aliwapa aliowapenda. Mimi nilipewa moja ya zamani.

"Mama, hii inavuja."

"Inavuja kwako tu."

Alikuwa pia mwongo wa mambo madogo. Chupa ikivunjika mikononi mwake, ilikuwa imevunjika yenyewe. Ikivunjika mikononi mwangu, habari ilifika utawala kabla sijapata ufagio. Na alikuwa na swali moja lililonikera kuliko yote: "Umeandika tarehe?" Aliliuliza juu ya kila kitu kilichowekwa kwenye friji, hata ndizi. Alitembea na kalamu ya wino mzito sikioni, na ukimwachia daftari lako wazi mezani, ukirudi ungekuta ameshakuongezea tarehe pembeni kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto.

Kazi yangu ya uzamili ilihusu jinsi bakteria wanavyozifikisha protini kwenye utando wao wa ndani na kuzipachika humo. Nisiwachoshe, lakini bila hilo kisa hiki hakieleweki. Bakteria amezungushiwa utando wa mafuta wa tabaka mbili. Protini nyingi zinatakiwa zikae ndani ya mafuta hayo, zifanye kazi ya kuingiza chakula, kutoa taka, kutengeneza nguvu. Lakini zinatengenezwa katikati ya seli, kwenye majimaji. Zinafikaje, na zinaingiaje kwenye mafuta bila kuupasua utando? Mimi niliweza kulijibu swali hilo kwa Kiingereza kwa kurasa thelathini. Mama Maabara alilijibu kwa sketi.

Ilikuwa saa ya chakula. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa amefeli jaribio la mada hiyo na amekaa pembeni na karatasi yake, macho mekundu. Mama Maabara alikuwa akitia lastiki kwenye kiuno cha sketi yake ya kwaya. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati la vioo na kikombe cha chai, sionekani.

"Njoo hapa wewe," alimwambia. "Hii ni nini?"

"Sketi, Mama."

"Usinichoshe. Angalia kiuno. Kitambaa kimoja au viwili?"

"Kimekunjwa. Viwili."

"Haya, ndio utando wako huo, tabaka mbili. Lastiki ndiyo protini. Hii pini niliyochoma mbele ni kile kipande cha kwanza kinachopenda mafuta. Kikichomoza tu kule kinakotengenezwa, kuna mpokeaji anakishika, anakileta mpaka kwenye mdomo huu hapa. Umeona mdomo?" Aliuonyesha upenyo mdogo wa mshono. "Sasa, lastiki nimelikata?"

"Hapana. Bado liko kwenye roli."

"Kwa nini sijalikata?"

Kijana aliliinamia roli.

"Nikilikata lote nikaliacha mezani litafanyaje?"

"Litajikunja."

"Ndiyo hivyo. Hiyo protini inapenda mafuta. Ukiiacha kwenye maji inajikunja na kujishikashika, hairudi tena. Kwa hiyo inaingizwa huku bado inatengenezwa. Na ikishaingia, inatokea upande wa pili?"

"Inabaki humo humo. Ndani ya kitambaa."

"Kwa sababu mlango wenyewe unafunguka hata ubavuni, unaiachia iingie kwenye mafuta. Umeelewa au nikupigie ngoma?"

Kijana alicheka. Alikuwa ameelewa, na mimi pia, kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimeona kwa macho kitu nilichokuwa nikikiandika kwa mwaka mzima. Chai ilikuwa imepoa. Nilitoa daftari nikanakili sketi yote, pini kwa pini. Katika safu yangu ya kwanza sketi hiyo ni ya bibi yangu. Bibi yangu, Mungu amrehemu, maisha yake yote alivaa kanga.

Mtu atauliza fundi sanifu aliyajulia wapi hayo. Nililijua jibu, na halikunipunguzia wivu. Siku moja profesa alikuwa akichora ubaoni protini iliyopachikwa kwenye utando. Kuna kanuni kwamba vipande vya protini vyenye chaji chanya hupenda kubaki upande wa ndani wa seli, na kwa hilo unaweza kujua protini imekaa imeelekea wapi. Mama Maabara alipita mlangoni na trei ya chupa, akasimama.

"Prof, hiyo umeigeuza."

Profesa aliutazama ubao, akacheka, akafuta. Kweli alikuwa ameweka chaji chanya nje. Akamuuliza amejuaje.

"Ubao huo naufuta mimi kila jioni, mwaka wa sita huu. Mchoro ukikaa vibaya naona."

Darasa zima lilimcheka profesa kwa upendo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaunakili mchoro ule kama ulivyo, kwa wino, kwa rangi mbili.

Sasa Juni. Profesa alikuwa amerudi kutoka ziara ya utafiti na vichupa vya bakteria wa maabara, wasio na madhara, waliokuwa na kasoro kwenye ule mlango wa kupachikia protini. Kazi yangu ilikuwa kuwaotesha hao wenye kasoro pamoja na wazima na kulinganisha. Ijumaa moja umeme wa jengo letu ulikatika, na inkubeta, kabati linalowatunzia bakteria joto lao, likapoa. Jenereta lilikuwa likisubiri kipuri. Profesa alikuwa safarini. Nikafanya kosa ambalo ni mtu wa Dar tu angeweza kulifanya: nilivitoa visahani vyangu vyote, nilivyovipanda asubuhi ileile, nikavipanga dirishani, kwenye jua, vipate joto. Kwetu dirishani ni mahali pa moto. Sikujua kwamba Juni ya Dodoma jua ni la kutazama tu, na upepo uliokuwa ukipenya kwenye vioo vya luva ungevipoza usiku na mchana.

Jumatano nilivifungua. Wazima walikuwa wameota kidogo, vidoadoa kama chembe za chumvi. Wenye kasoro hawakuwa wameota kabisa, agari tupu inayong'aa. Na hapa ndipo niseme lililo baya zaidi. Nilifurahi. Agari ile alikuwa ameimimina yeye.

"Mama," nilimwambia, kwa sauti ya upole niliyoitengeneza, "agari yako safari hii imetuangusha."

Alichukua kisahani kimoja, akakiinua kwenye mwanga, akakirudisha. Akachukua kingine. Alifanya hivyo kwa vyote, na mimi nikasimama nimefunga mikono kama mkaguzi.

"Agari ni moja," alisema mwishowe. "Chungu kimoja, siku moja. Ingekuwa mbovu wangekataa wote. Hawa wameota, hawa hawakuota. Hawa si ndio wa mlango mbovu?"

"Ndio."

"Uliwaweka wapi?"

"Dirishani."

Alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Umewaweka kwenye baridi, mwanangu. Mwenye mlango mzima baridi ataivumilia. Mwenye mlango mbovu ataingizaje kitu? Hata wewe mwenyewe asubuhi zipu ya sweta inakushinda."

Dunia ilikuwa ikilijua hilo tayari. Nilipofungua vitabu jioni ile nililikuta: kupachika na kupitisha protini ni kazi inayozidi kuwa ngumu kadiri joto linavyoshuka, na bakteria wenye kasoro kwenye mlango huo hushindwa kwenye baridi ambayo wenzao huiweza. Lakini katika chumba kile hakuna aliyekuwa amefika ukurasa huo, na mmoja alikuwa amefika bila kitabu. Vyuo vyenye pesa hutumia mashine ya kupoza kuonyesha jambo hilo. Sisi tulikuwa na dirisha.

Nilivitupa visahani kwenye ndoo ya vitu vya kuchemshwa kabla ya kutupwa, nikaenda kumwandikia profesa ripoti. Niliandika nilichokiona dirishani, kwamba baridi iliwaua wenye mlango mbovu. Niliandika kwamba agari isingekuwa mbovu kwa upande mmoja tu. Niliandika mpaka zipu ya sweta. Jina la Mama Maabara nililiweka kwenye shukrani za tasnifu, kati ya mzee wa stoo na Mwenyezi Mungu, kwa msaada wake wa kumimina agari.

Profesa alifurahi, akaniomba niligeuze liwe somo la vitendo. Nililiandika kwa jioni mbili. Sayansi yenyewe niliiacha mwaka uliofuata. Nilikuwa nimeshagundua kwamba watu husikiliza zaidi ukisimulia maabara kuliko ukikaa ndani yake.

Mama Maabara alistaafu mwaka jana. Idara ilifanya hafla, na mimi, kama zao maarufu la idara, nikaombwa kuzungumza. Ningeweza kusema pale. Nilikuwa nimejiandaa kusema, nilikuwa hata na karatasi. Lakini nilisimama, nikaona wanafunzi wa miaka yote wamemzunguka, wengine wamempigia magoti kumsalimia, keki imeandikwa "Mama Yetu", na ule wivu wa zamani ukarudi kama haujawahi kuondoka. Nikaisimulia hadithi kama ninavyoisimulia siku zote. Msichana, baridi, dirisha, ghafla. Yeye alikuwa amekaa mbele kabisa. Alipiga makofi.

Rasimu ya mwongozo ilipokuja, miezi kadhaa baadaye, niliifungasha nikaenda Chamwino, anakolima zabibu sasa. Nilijiambia nakwenda kuungama. Ukweli ni kwamba nilikwenda kutafuta ruhusa. Nilitaka aniambie, kwa mdomo wake, kwamba yale mambo ni ya zamani na jina libaki lilipo.

Nilimkuta akipogoa mizabibu, mkasi mkononi, kalamu ya wino mzito bado sikioni. Kila mstari ulikuwa na kibao, na kila kibao kilikuwa na tarehe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwandishi huyo. Umekonda au ni hizo nguo?"

Alinikalisha, akanipa maji, akaniuliza habari za watoto. Kisha akarudi kwenye mizabibu yake na kuzungumza akiwa amenipa mgongo.

"Siku ile ulisimulia vizuri. Watu walikaa kimya kabisa."

"Asante, Mama."

"Ila unawadanganya watoto."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo miaka kumi na minne, na niseme ukweli, nilihisi karibu nafuu.

"Unawaambia baridi iliwaua," alisema. "Haikuwaua."

"Nani?"

"Wale wa mlango mbovu. Wewe uliwatupa kwenye ndoo ukaondoka. Mimi niliwatoa. Umeme ulikuwa umerudi, nikawarudisha kwenye joto. Asubuhi yake walikuwa wameota. Vidogo, vimesinyaa, lakini wameota. Mlango ulikuwa mzito tu, haukufa. Na kwenye zoezi umeandika wanafunzi wakishahesabu wavitupe. Wanatupa nusu ya kazi."

"Mbona hukuniambia?"

Aligeuka. "Nilikuandikia. Kwenye daftari lako, na tarehe. Hukulifungua?"

Sikuwa nimelifungua. Nilikuwa na hadithi tayari, daftari la nini tena.

Nikamwambia, kwa sauti ambayo haikuwa ya kutengeneza, kwamba idara inataka jina la mtunzi.

"Wamenipigia, wakaniuliza nani alilianzisha. Nikawaambia ni la kwako."

"Kwa nini, Mama? Unajua si langu."

"Najua. Lakini lilivyoandikwa lina kosa." Alikata tawi, akaliangalia, akalitupa. "Lina kosa, halafu liitwe langu? Hapana. Kaa nalo."

Nilirudi mjini na kilo mbili za zabibu alizonilazimisha kuzichukua. Njia nzima sikuonja hata moja. Nilikuwa nimekwenda na wivu wa mikono yake, wa jicho lake, wa jinsi alivyopendwa, na nikarudi na mwingine mpya kabisa: mimi nilikuwa nimelipigania jina langu kwenye kazi yenye kosa, na yeye alilikataa lake kwa sababu ya kosa hilo hilo.

Nyumbani nilichimba masanduku mpaka nikalipata daftari. Ukurasa wa mwisho, mwandiko wa kulalia kushoto: visahani sita vimerudishwa joto, vyote vimeota, hesabu ya kila kimoja, tarehe.

Kaimu mkuu wa idara alinipigia keshokutwa yake asubuhi. Ni yule kijana wa sketi. Sasa ana udaktari na sauti ya vikao.

"Shikamoo, dada. Mchapaji ananisumbua. Zoezi la baridi tuliache lilivyo?"

"Marahaba. Hapana, kuna hatua imekosekana. Andika."

Nikamsomea kutoka kwenye daftari. Wakishahesabu, wasivitupe. Wavirudishe kwenye joto, wahesabu tena kesho yake, walinganishe. Waone kwamba mlango ulizidiwa na baridi, haukufa. Nilimsikia akipiga chapa, kisha akaacha.

"Dada, hii imelibadilisha zoezi zima. Hii ndiyo hoja yenyewe. Umeifikiria lini?"

Alikuwa ameniuliza. Baada ya miaka yote ile, mtu alikuwa ameniuliza, na jibu la zamani lilikuwa pale pale, limepigwa pasi, tayari kutoka. Nilipitisha kidole juu ya mwandiko wa kulalia kushoto mpaka akasema, "Haloo?"

"Sikuifikiria mimi," nilisema. "Hata lile la kwanza sikulifikiria mimi. Futa jina langu, andika hili."

Nikamtajia. Majina yake yote matatu, polepole, la katikati nikalirudia maana ni la Kisandawe na linataka uangalifu. Alipiga chapa mpaka mwisho.

"Samahani, dada," akasema mtu aliyefundishwa na Mama Maabara kushika pipeti, "huyu ni nani?"